Nani Alitia Maji Maua ya Papa

Wewe uliyekulia Mabanga, mtaa wetu wa Goma, enzi zetu, najua ukifumba macho bado unaisikia bidoni, lile dumu la njano la maji, ikikukandamiza utosi. Tuliteremka ziwani asubuhi na mapema, kundi zima la watoto, tukipiga kelele kama tunaenda harusini, halafu tukapanda kurudi tumenyamaza kwa sababu shingo hazikuruhusu maneno. Kizibo kikipotea tuliziba kwa kiazi au kwa mfuko wa plastiki, na maji yakadondoka mgongoni njia nzima mpaka shati likashika mwili. Ukifika nyumbani nusu imemwagika, Mama hakukuuliza kama umechoka. Aliuliza, "Na ingine uliinywa?" Watoto wa leo maji ya bomba yakikatika saa mbili tu, wanakaa chini na kulia kwamba maisha yamekuwa magumu.

Zilikuwa enzi za vita, sitaki kudanganya. Kwanza walivuka wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka, wengi hata barabara haikuonekana. Kisha vita ikaja kwetu wenyewe, ikaondoka, ikarudi na jina lingine. Sisi watoto tulizikumbuka vita hizo kwa vitu zilivyotuachia: shitingi za plastiki za kuzibia mapaa, mablanketi ya kijivu yenye kuwasha, biskuti za msaada ngumu kama tofali, na makopo makubwa ya mafuta ya kupikia. Yakiisha mafuta, akina mama wengine waliyageuza kuwa majiko, na vijana wakayakata kutengeneza taa. Nyumbani kwetu yalipandwa maua.

Papa alikuwa karani katika biro, ofisi ya serikali. Wazazi wangu walitoka upande wa Bukavu, na Papa alikuwa mtu wa koti moja, viwiko vimechakaa, kalamu tatu mfukoni kana kwamba mshahara ungeweza kutokea ghafla na kuhitaji saini. Kabla ya vita alitumwa Lubumbashi kwa kazi. Wenzake walirudi na vitambaa na sahani. Papa alirudi na kijiti chenye majani manene kama vidole vya mtoto mchanga, kimefungwa ndani ya gazeti. Mwenyeji wake alimwambia mmea huo ulifika kwa treni kutoka kusini kabisa mwa Afrika, nchi za mchanga ambako mvua ni mgeni. Pale kwenye ngazi za mwenyeji Papa aliuona umechanua, na kwa miaka alituhadithia maua yale wakati tukila maharagwe: rangi kati ya zambarau na wekundu, petali nyembamba nyingi, zinang'aa kama hariri. Jina la mmea hakulijua, basi akauita maua ya Kusini.

Kuyatunza ilikuwa kama dini. Ukikata kijiti, usikipande siku hiyo. Kiache siku tatu kidonda kikauke. Kopo litobolewe chini kwa msumari, matundu matano. Udongo uwe mchanga mweusi wa volkano na vijiwe, kitu ambacho Goma hatujawahi kukosa. Na maji? Kikombe kimoja kwa kila kopo, Jumapili moja ndiyo, Jumapili nyingine hapana, baada ya misa. "Huu mumea ukiushibisha, umeuua," alisema Papa, na mimi mwenye shingo iliyobeba maji hayo nikaupenda kwa sababu hiyo tu.

Shida ilikuwa moja: maua hayakutoka. Kijiti kimoja kilizaa makopo kumi na mawili, yamepangwa nyuma ya nyumba chini ya shitingi ambayo Papa aliitundika ili jua kali lisiyaunguze, na miaka ikapita majani tu, majani tu. Mtaa ulimwita Papa Maua kwa kumcheka. Aliyecheka zaidi ni jirani yetu Mama Riziki, aliyekodisha maua ya plastiki ya maharusi. Mashada yake manne yalikuwa yameolewa mara nyingi kuliko mtu yeyote wa Goma, na moja lilikuwa na doa la mchuzi ambalo kila bibi harusi alilifunika kwa kidole gumba.

Hata tulipokimbia risasi, Papa hakuyaacha. Siku hiyo watu wote wa avenyu yetu walitoka na magodoro kichwani, kuku mkononi, masufuria yakigongana. Papa alibeba mtoto wa mwisho mgongoni na vijiti viwili vya maua ya Kusini mfukoni, pamoja na kalamu. Mama alipoviona, tayari tuko njiani kwenda Lac Vert, alisimama katikati ya umati na kupiga mikono. "Batu babeba matela, bwana yangu anabeba majani!" Tulilala siku tisa kwa mjomba huko Lac Vert, na vijiti vilikaa mfukoni siku tisa bila tone la maji. Tuliporudi, makopo tuliyakuta yote, ingawa wezi walikuwa wamepita wakachukua hata mlango wa choo. Vijiti vya mfukoni navyo vilikuwa vizima. Papa alivipanda akipiga mluzi.

Sasa uelewe kwa nini maua yale yalikuja kuwa jambo kubwa. Dada yetu mkubwa, yaya Furaha, alichumbiwa na mwalimu wa shule ya msingi, ndoa ikapangwa mwezi wa nane. Zamani maua ya harusi yaliteremka na magari ya mboga kutoka upande wa Rutshuru, lakini barabara ilikuwa imefungwa. Papa hakuwa na kitu cha kumpa binti yake, na hilo lilimuuma, tuliliona usoni. Jioni moja akamwita mbele yetu wote. "Furaha, siku yako ya ndoa hautabeba plastiki. Utabeba maua ya Kusini, na mi mwenyewe nitayikata." Yaya Furaha akalia kwa furaha. Mama akatazama dari. Mimi nilihesabu miezi iliyobaki na nikaogopa kwa niaba ya Papa.

Ndipo akaja Koko Maombi. Vita ilikuwa imepanda milima ya Masisi, na watu walishuka kwa miguu kupitia Sake, wamelowa, na ng'ombe wachache waliobaki. Mama alimkuta mzee huyo peke yake kwenye uwanja wa kanisa, amekaa juu ya mfuko wake, akarudi naye nyumbani bila kumuuliza Papa. Hatukuwa na undugu wowote. Tulimwita Koko, yaani bibi, kwa sababu ya mvi zake, na baada ya wiki moja alikuwa koko wetu kweli. Alikuwa mrefu, mwembamba, akitukemea tukitafuna mdomo wazi, na sala yake kabla ya chakula iliwataja watu wote wa kijiji chake mmoja mmoja hadi sambaza, vile vidagaa vya ziwani, zikapoa. Tulimpenda. Lakini yeye hakutulia. Alifagia palipofagiwa, akaosha vyombo vilivyooshwa.

Asubuhi moja nilirudi kutoka ziwani mapema nikamkuta nyuma ya nyumba, ameinama kwenye makopo ya Papa na kikombe mkononi, anaongea na mimea kwa lugha ya kwao. Kumbe alikuwa akiinyeshea kila siku, na maji yenyewe ni yale aliyopewa ya kunywa na kuoga.

"Hizi makopo zilikuwa zinavuja, mwanangu," akaniambia, ameridhika. "Maji inatoka chini bure, na nyinyi mnaibeba mbali vile. Nimeziba zote."

Nilifungua mdomo nimwambie. Naye akaendelea, bila kunitazama: "Kwetu nilikuwa na ng'ombe, na bustani, na batu ya kulisha. Hapa ninakula tu. Acha na mi nilishe kitu."

Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilifunga mdomo. Nilijiambia kwamba mtu mzima aliyelima maisha yake yote hawezi kukosea mimea, na kama akikosea, labda kidogo. Ulikuwa uoga, lakini ulikuwa pia huruma, na mpaka leo sijaweza kuvitenganisha.

Jumapili ya maji ilipofika, mwezi wa nne, mvua zikiwa nyingi, Papa alikwenda na kikombe chake baada ya misa. Akashika jani, likapasuka vidoleni kama nyanya iliyoiva kupita kiasi. Akashika lingine. Kopo la pili, la tatu, yote kumi na mawili, chini kulikuwa na supu ya kijani inayonuka. Aliyainamisha moja moja. Kutoka chini ya mojawapo aliokota kitu kidogo, akakitazama, akakitia mfukoni. Nilidhani ni jiwe.

Kisha akatuita wote. "Ni nani alitia maji?"

Kila jicho likanigeukia, maana maji ya nyumba ile yalikuwa mimi. Yaya Furaha alikuwa ameshika mlango. Koko Maombi alikuwa ameketi akimenya maharagwe, mikono yake ikasimama. Nikaona anavuta pumzi ya kusema. Nikamtangulia.

"Ni mimi."

Koko akainuka nusu. Na Papa, mtu ambaye hakuwahi kumkatiza mzee maneno tangu azaliwe, akamkatiza. "Basi. Maneno imeisha." Nilifikiri ni hasira.

Adhabu yangu ilikuwa kwenda ziwani mara mbili kwa siku mpaka harusi, na kila mchana ambapo wenzangu walicheza mpira wa mifuko na kamba, mimi nilipita katikati ya uwanja na bidoni kichwani. Wakanipa jina la Mafuriko. Lakini hilo si kitu. Yaya Furaha, aliyenibeba mgongoni, aliyeniosha masikio, hakusema nami mwezi mzima. Hapo niliumia. Kuna siku nilimchukia Koko. Kuna siku nilifika mpaka mlango wa chumba cha Papa nimwambie kila kitu, nikageuka. Akilini nilimwona yule mzee akifunga mfuko wake na kurudi kukaa juu yake kwenye uwanja wa kanisa, na sikuweza.

Koko naye hakusema neno. Ila tangu siku ile, ukoko wa bugali, ule wa chini ya sufuria tunaougombania wote, ulitua kwenye sahani yangu kila jioni. Ndugu zangu walilalamika. Aliwaambia mtoto anayebeba maji anahitaji meno yenye nguvu. Na siku ya kutupa ile mimea iliyooza, alininyang'anya beseni. Akapita nalo taratibu, akachuna kila ncha iliyobaki na kijani, akazipachika juu ya ukuta wetu wa mawe ya volkano nyuma ya choo, kwenye nyufa, pasipo na udongo wala maji. "Kitu ingali ya kijani haitupwe," alisema. "Ikikufa, ikufe yenyewe, pa jua." Hatukuzitazama tena. Nani anatazama nyuma ya choo?

Mwezi wa saba ukaisha kwa vumbi. Mama akaenda kwa Mama Riziki kuomba shada, akachagua lile lisilo na doa. Papa alijua, akajifanya hajui, na kwenye meza hakuhadithia tena Lubumbashi.

Siku tatu kabla ya ndoa, saa sita mchana, nilikuwa natoka safari yangu ya pili ya ziwani. Niliweka bidoni chini karibu na choo nipumzike. Nikainua macho. Ukuta ulikuwa umewaka. Mawe meusi yote ya juu yamefunikwa na zambarau nyekundu, petali nyembamba nyingi, zinang'aa kiasi kwamba nilifikiri mtu ameanika kitambaa. Nyuki walikuwa tayari wamefika, wao ndio hawakuhitaji kuambiwa. Nilipiga kelele hata Mama akatoka na mwiko akidhani vita imerudi.

Jioni Papa akaja kutoka biro, tukamvuta wote mpaka ukutani. Hakuna ua hata moja. Vidomo vya kijani tu, vimefumba. Papa akanitazama, mimi mkosaji wa makopo kumi na mawili, nami nikatamani mawe yale yanifunike. Koko akasema, "Na mi niliyaona, Papa Furaha. Inafungaka jua ikienda." Kesho yake saa sita, Papa alikuja mbio kutoka kazini, koti linapepea, akasimama mbele ya ukuta. Halafu akacheka mpaka akashika magoti.

"Kumbe ilitaka jua! Miaka yote hii njo mi naifunikaka na shitingi!"

Asubuhi ya ndoa alikata mwenyewe, kama alivyoahidi, akafunga shada kwa utepe. Lakini anga lilikuwa na mawingu, na maua yale hayamwamkii mtu jua likikataa. Mama Riziki alikuwa amekuja na plastiki yake chini ya kwapa, kwa wema tu, alisema. Akalitazama shada la Papa. "Papa Maua, hii ni harusi ao ni lengalenga ya soko?" Watu wakacheka, maana lengalenga ni mchicha. Papa akasimama na majani yake, kola imemkaza, na sijawahi kumwonea mtu huruma kiasi kile. Yaya Furaha alitazama shada la plastiki, jeupe, zuri, tayari. Akamtazama Papa. Akachukua lengalenga.

Padri alihubiri kwa muda mrefu. Ndani ya kanisa mna giza, na vile vidomo vilizidi kufumba. Yaya Furaha alivibeba kichwa juu hadi altareni na kurudi, watu wakinong'onezana. Tulipotoka mawingu yalikuwa yamefunguka na jua limesimama utosini. Mpiga picha, mwenye filamu yake ya kubania, akatupanga kwenye ngazi. Wajomba wakabishana nani akae mbele, shangazi mmoja akapotea, mtoto akalia, na katika kuchelewa huko shada likaanza. Ua la kwanza lilijifungua pembeni. Kisha matatu. Kisha mtu akapiga kigelegele, akaitikiwa, na mbele ya macho ya uwanja mzima yaya Furaha akashikilia moto wa zambarau mikononi. Picha tatu bado ninazo. Ya kwanza ana mboga. Ya pili ana mboga na vitone. Ya tatu hakuna anayemtazama mpiga picha, wote tunatazama mikono yake, na Papa amefunika uso kwa kofia.

Kesho yake asubuhi Mama Riziki alibisha mlangoni na kopo tupu.

Koko Maombi alikaa nasi miaka minne. Milima ilipotulia alirudi kwao juu ya lori la mahindi, vijiti kumi na viwili vimefungwa kwenye pindo la kitenge chake. Tulipunga mkono hadi lori likapotea. Hapo Papa akaniambia, bila kugeuza kichwa:

"Mugisho, nilijua ni yeye. Siku ile ile."

"Ulijuaje?"

"Niliokota kizibo ndani ya kopo. Jani ya mugomba, imekunjwa vizuri, vile banazibaka vibuyu kule Masisi. Mutoto hawezi kukunja vile. Nilikaa nacho mufukoni mwaka muzima, mama yako akakifua na koti."

"Na azabu ulinipatia ya nini, Papa?"

"Ningekuachilia, kila mutu angeuliza: basi ni nani? Koko angefunga mufuko yake mbele ya jioni." Akatazama kule lori lilikopotelea. "Nilikuona unabeba. Na mi nilibeba. Tulikuwa bawili."

Tulikuwa watatu, nikawaza, nikikumbuka ukoko wa bugali. Nyumba nzima ilikaa miaka minne juu ya siri moja na hakuna aliyeimwaga.

Leo Papa ni mzee wa kiti cha plastiki, anawasalimia wapita njia kwa majina ya baba zao. Maua ya Kusini yamejaa kuta za Mabanga, watu wanayakata bila kujua yalikotoka. Maharusi bado wanabeba plastiki, sasa yenye taa ndani. Na vijana wetu, Mungu awabariki, hawawezi kukaa na siri mpaka chai ipoe. Binti yangu Neema akiona panya jikoni, shangazi yake wa Kampala anajua kabla yangu.

Na vita, ile tuliyodhani itakua kama sisi na kuzeeka, imerudi tena na jina lingine. Tangu mwaka jana tuna wageni nyumbani, mama mmoja wa Masisi na wajukuu wake wawili. Hana undugu nasi. Anafagia palipofagiwa.

Juzi asubuhi nilitoka nyuma nikakuta makopo yangu ya maua ya Kusini yamelowa chapachapa, maji yamesimama juu ya mchanga. Nilipapasa chini. Matundu yote yalikuwa yamezibwa, vizuri kabisa. Nikachomoa vizibo kimoja kimoja, nikavitia mfukoni, nikainamisha makopo maji yatoke. Nilitamani sana Papa awe amesimama pale. Mara Neema akatokea, simu tayari mkononi, ameielekeza kwenye matope ili kundi zima la familia lione.

"Papa! Ni nani alitia maji?"

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na mle ndani mtu aliyekuwa anaosha vyombo alikuwa ameacha kuosha.

"Ni mimi," nikasema.